Nisomee hii barua ya maombi kabla ya Ijumaa

Shoga yangu,

Uko poa? Wa nyumbani hawajambo? Najua nimekaa kimya mno, lawama utanipa tukionana, leo nina shida. Kuna nafasi imetangazwa kwenye kitengo cha usalama wa dawa, wanataka mtu wa kutafuta na kuchambua makala za madhara ya dawa, nami nimeshaanza kuandika maombi. Zuhura aliposikia akacheka, eti mkutubi anaenda kufanya nini kwa wafamasia, kuwapangia vitabu? Nikamwacha. Ila imeniuma bwana, kwa hiyo utanisikiliza wewe.

Unaikumbuka ile kesi ya dawa ya heksamethoniamu, Marekani 2001? Binti wa miaka 24, mzima kabisa, kajitolea kwenye utafiti wa pumu, wakampa ile dawa aivute kwa pumzi, mapafu yakaharibika akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya makala za kitabibu, na PubMed wakati ule ilianzia 1966, wakati makala zilizotaja madhara yake kwenye mapafu ni za miaka ya 1950. Zilikuwepo! Ndiyo maana mtu akiniambia "tumetafuta hatukuona kitu" huwa nashtuka, umetafuta wapi, kuanzia mwaka gani, kwa maneno yapi?

Maana watu wanadhani ni kuandika jina la dawa na kubonyeza. Dawa moja ina jina la kitaalamu, majina ya biashara chungu nzima, huyu kaandika ini limeharibika, yule kataja vimeng'enya vya ini vimepanda, ukisahau neno moja ripoti imekupita. Na kwenye madhara adimu ripoti chache tu zinatosha kuwashtua watu, ile barua ya daktari McBride kuhusu thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto tumboni, kwenye jarida la Lancet, Desemba 1961, ilikuwa fupi mno. Halafu kuna balaa la upande wa pili, mgonjwa mmoja karipotiwa na daktari, na kampuni nayo ikaripoti, kisha akaandikwa kwenye jarida, kompyuta inahesabu watatu. Nani atawagundua kama si mtu aliyezoea kusaka rekodi zilizojirudia? Hiyo ni kazi yetu ya kila siku, tena tunaifanya bila kushukuriwa, lakini haya.

Kinachonipa tumbo joto ni takwimu na kuandika programu za kompyuta. SQL, ile lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, najikongoja, R ya takwimu ndo kabisaa... nikiwaambia najifunza si wataona natapatapa?

Sasa niambie, nianze na ile kesi ya 2001 au nitawatisha? Unaweza kunisomea leo usiku? Wewe ulipohamia kwenye data ulijifunza R wapi, na ilikuchukua muda gani kabla hujaacha kulia? Na Mkuu wenu, bado anakudai ile ripoti?

Wako yuleyule msumbufu