Kabla ya kofia na miwani, mtuonyeshe kalenda

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita ulifundisha namna ya kufunga begi la kwenda kupumzika kwenye visiwa vya joto. Nilihesabu vitu 23. Kofia imo, miwani ya jua imo, kandambili, nguo mbili za kuogelea, hata kitabu cha kusomea kwenye bembea. Dawa zilipewa maneno matatu, "dawa zako binafsi", mwishoni kabisa, chini ya chaja ya simu.

Nimefanya kazi ya ufamasia miaka 31 na sasa nimestaafu. Kofia sina ugomvi nayo. Naomba tu niyapanue hayo maneno matatu.

Wateja wa safari niliwajua kwa saa waliyoingia. Jioni, tunakaribia kufunga, mtu anasafiri kesho alfajiri, na nguo zake zimekunjwa tangu wiki iliyopita. "Nipe kitu cha malaria." Kisiwa gani? Hapo ndipo wengi walipokunja uso, kana kwamba naulizia mambo yao ya ndani. Visiwa havifanani. Maldives ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 kuwa haina malaria, Sri Lanka ikafuata mwaka 2016, lakini viko visiwa vya joto ambako malaria ipo mwaka mzima. Na pale isipokuwapo malaria, kidingapopo, yaani homa ya dengue, inaweza kuwapo, na mbu wake huuma mchana. Anayejipaka dawa ya mbu usiku tu anamlinda mtu ambaye saa hizo tayari yuko ndani ya chandarua.

Halafu kuna muda. Mefloquine, dawa ya kuzuia malaria, huanzwa wiki mbili au zaidi kabla ya safari, kwa hiyo mteja wa jioni ile ameshaikosa. Doxycycline, nayo ya kuzuia malaria, huanzwa siku moja au mbili kabla, ikamezwa kila siku, na kuendelezwa wiki 4 baada ya kuondoka kisiwani. Karibu kila niliyemuuliza aliiacha siku aliyofika nyumbani. Isitoshe, doxycycline huifanya ngozi iungue upesi juani, jambo kubwa kwa mtu anayekwenda kushinda ufukweni. Mteja wangu mmoja alirudi mabega yanabanduka kama maganda ya kitunguu, akidhani maji ya bahari ndiyo yaliyomdhuru. Nusu ya kosa lile lilikuwa langu. Nilimpa vidonge, nikasahau kumwambia, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na foleni na mimi nilikuwa na njaa.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ina kalenda yake. Kwa anayechanjwa mara ya kwanza, cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na visiwa vingi hukidai kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo. Aliyechomwa juzi anaweza kuwa na kadi mkononi na bado akazuiwa. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwisha baada ya miaka 10. Nimeona watu wakichanjwa upya bila sababu.

Sasa losheni ya jua, ambayo mliipa picha kubwa. Mtu mzima anayejipaka mwili mzima sawasawa hutumia kama mililita 30 kwa mara moja, na hupaswa kurudia kila baada ya saa mbili akiwa juani. Chupa ya mililita 100, ile inayoruhusiwa kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, haimalizi hata siku moja ya ufukweni. Ndiyo maana nilikuwa nawaambia wateja wachukue shati jepesi la mikono mirefu, losheni iwe ya uso, shingo, mikono na miguu. Pia wasome kibandiko. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, tangu Januari 2020, na Hawaii tangu Januari 2021, zimepiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oxybenzone na octinoxate, kemikali za kuzuia miale ya jua, kwa ajili ya kulinda matumbawe. Zenye zinki zinafaa. Ukitumia pamoja na dawa ya mbu, losheni hutangulia, dawa ya mbu ikaja juu yake.

Msinidhanie mjuaji. Mwaka niliostaafu nilisafiri kwenda kisiwa kidogo, ndege mbili na boti moja, na vidonge vyangu vya presha nikavitia kwenye begi kubwa, katikati ya nguo, visibonyezwe. Begi likabaki njiani siku tatu. Zahanati ya kisiwa ilikuwa na muuguzi mmoja, mwenye subira. Nilimtajia dawa yangu kwa jina la kibiashara, lile nililozoea kuliona kwenye pakiti, naye hakulijua. Ilinichukua muda, kwa aibu na joto, kukumbuka kusema "amlodipine", neno ambalo nimeliandika maelfu ya mara. Alikuwa nayo, ya miligramu pungufu, tukahesabu vidonge pamoja mezani kwake.

Tangu hapo dawa zangu nazigawa mafungu mawili, moja halitoki mkononi. Karatasi ya daktari yenye jina halisi la dawa naikunja ndani ya pasipoti, maana dawa za maumivu kama tramadol na codeine zinadhibitiwa vikali katika nchi nyingi, na afisa wa forodha hataki simulizi ya mgongo wako. Insulini isiende kabisa kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwani inaweza kuganda na ikiganda imeharibika. Kidonge cha kuzuia kutapika baharini kimezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya boti kung'oa nanga. Ukingoja tumbo lianze kupinduka, utakitapika pamoja na chai.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkirudia makala hiyo kabla ya likizo ijayo, wekeni pembeni yake kisanduku cha tarehe: wiki sita kabla, wiki mbili, siku mbili, na wiki nne baada ya kurudi. Nafasi ipo. Picha ya ile bembea ilichukua nusu ukurasa.

Mfamasia mstaafu,
msomaji wenu wa kila Jumamosi