Kabla hamjaiita sonona

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa mdogo wako. Umeuliza kama ugonjwa wa akili una chanzo mwilini au "ni mawazo tu". Mwili umo. Ila usitarajie mdogo wako atolewe damu kisha neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, lisomeke kwenye karatasi ya maabara. Kipimo hicho hakipo. Daktari huitambua kwa kusikiliza: dalili 5 au zaidi kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo.

Kuna wakati chanzo cha ugonjwa wa akili kilionekana kwa hadubini. Mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore waliwakuta bakteria wa kaswende ndani ya ubongo wa watu waliokufa wamepooza na kurukwa na akili. Mtindo haujabadilika: chanzo kikishajulikana, ugonjwa huhamia kwa madaktari wa neva, nasi madaktari wa akili tunabakiziwa mafumbo. Halafu tunaulizwa mbona magonjwa yetu hayana chanzo!

Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, humpata takriban mtu 1 kati ya 100. Pacha wa kufanana akiugua, mwenzake ana uwezekano unaokaribia nusu. Hapo jeni zinajionyesha, na mipaka yake pia, kwani kama zingeamua kila kitu wangeugua wote wawili. Wala si jeni moja. Utafiti mkubwa wa 2014 ulipata sehemu 108 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo mno. Atakayekuuzia kipimo cha jeni cha kutabiri nani ataugua, mwache na bidhaa yake.

Hadithi kwamba sonona ni "upungufu wa serotonini", kemikali ya ubongo, nayo ni nyepesi kupita kiasi. Fluoksetini, dawa ya sonona, huanza kuigusa serotonini ndani ya saa chache, lakini nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Ingekuwa debe lililopungua maji, mtu angepona jioni ileile. Ndiyo maana wengi huacha dawa mapema: kichefuchefu hutangulia, nafuu huchelewa.

Sasa mdogo wako. Uchovu, kusikia baridi wakati wengine wanaona joto, choo kigumu na kunenepa bila kula zaidi vinanifanya nifikirie thairoidi, tezi ya shingoni, kwanza. Aombe kipimo cha TSH (homoni inayoiamuru tezi hiyo), na ikiwa juu apimwe T4 (homoni ya tezi yenyewe). Kama anameza vitamini iitwayo biotini kwa ajili ya nywele, aiache angalau siku 2 kabla, maana hupotosha majibu. Waongeze wingi wa damu, sukari, kaswende, VVU na vitamini B12, hasa kama ametumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka. Dawa zake zote azibebe. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa mfano, inaweza kuvuruga akili.

Thairoidi ikiwa dhaifu, levothairoksini, dawa inayofidia homoni ya tezi hiyo, humezwa tumbo likiwa tupu, na TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hivi. Vipimo vyote vikiwa sawa, sonona yake ni ya kweli vilevile na itatibiwa.

Akianza ghafla kuchanganyikiwa, kuwa na homa au degedege, msingoje miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Niandikie TSH ikitoka, pamoja na viwango vya kawaida vya maabara hiyo.

Wako,
Salma