Kuhusu lile jaribio lako la longjmp

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Uliniuliza kwa nini jaribio lako la C linapita ukikompaili kwa -O0 (bila uboreshaji wa msimbo), kisha linaanguka ukiweka -O2 (kwa uboreshaji). Nimeusoma msimbo wote. Kompaila haina kosa.

Wazo lako ni zuri. Fanksheni yenu ya kuzima mfumo mmeitangaza kwa _Noreturn, yaani haitarudi kamwe, kwa hiyo ile ya bandia ya majaribio nayo hairuhusiwi kurudi kwa aliyeiita. Ikirudi, tabia ya programu haifafanuliwi tena. Kutoka humo kwa longjmp, yaani kuruka hadi mahali palipowekwa alama na setjmp, ni halali, na maktaba za majaribio cmocka na Unity hufanya hivyohivyo jaribio linaposhindwa. Umefanya vyema pia kutoibadilisha exit yenyewe kwa ya bandia, maana majina ya maktaba sanifu yamehifadhiwa.

Tatizo ni kigeu chako “hatua”. Unakiongeza baada ya setjmp, kisha unakisoma baada ya mruko. Kigeu cha ndani cha fanksheni iliyoita setjmp, kikibadilishwa katikati hapo bila kuwa volatile (neno linaloilazimu kompaila kukisoma na kukiandika kwenye kumbukumbu kila mara), thamani yake haijulikani tena. Kwa -O0 kinakaa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo unakiona kikiwa sawa. Kwa -O2 huenda kikawekwa kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya kichakataji), na longjmp huzirudisha rejista kadhaa katika hali zilizokuwa nayo setjmp ilipoitwa. Ndiyo maana unasoma sifuri. Kitangaze volatile. Vigeu vya static, vinavyodumu muda wote wa programu, haviguswi na kanuni hii. Washa onyo la -Wclobbered la kompaila ya GCC, ingawa haikamati kila kitu.

Kuna jingine linalonitia hofu zaidi: setjmp umeiweka ndani ya fanksheni yako andaa(), ambayo inarudi kabla ya mruko. Hapo unarukia fanksheni iliyokwisha ondoka kwenye steki (eneo la kumbukumbu la fanksheni zinazoendelea), na volatile haitakusaidia. Iite ndani ya fanksheni ya jaribio lenyewe, tena kwa umbo hili: if (setjmp(env) == 0). Ule mstari wa int r = setjmp(env) kiwango cha C hakiuruhusu, hata kama kompaila nyingi huupokea kimya.

Kumbuka pia kwamba mruko hauiti free, inayoachilia kumbukumbu, wala haufungui kufuli. Kiashiria cha kumbukumbu uliyoomba kwa malloc kiweke mahali ambapo usafi wa baada ya jaribio utakifikia.

Naomba sana urekebishe kabla wenzako hawajainakili andaa() kwenye majaribio yao. Ukimaliza, endesha kwa -O0, -O2 na -O3, kwa GCC na Clang, unitumie matokeo.

Wako,
Neema