Meza isiyo na mpagazi haiwezi kuwa vita vya Afrika Mashariki

Mhariri,

Wapo wakazi wa Nairobi wanaoagiza vijisanamu vya askari vya milimita 28, wakavipaka rangi na kuvipanga mezani ili warudie kwa dadu mapigano ya Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, kati ya Waingereza na Wajerumani: Tanga, Longido, kilima cha Salaita. Ni kazi ya mikono inayostahili kufanywa sawasawa, hasa na sisi ambao vita hivyo vilipiganwa kwetu. Makosa mawili yanajirudia katika kazi nyingi. Ngozi ya askari inapakwa vibaya, na mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi, hayupo kabisa.

Kwanza ngozi. Maelekezo mengi ya upakaji yameandikwa kwa ajili ya nyuso za Kizungu; yakifika kwa Mwafrika, ni koti moja la kahawia iliyokoza na yameishia hapo. Ukiutazama uso huo kutoka ng'ambo ya meza, huoni pua wala shavu. Anza na kahawia ya chokoleti yenye wekundu ndani yake, koti mbili nyepesi. Kwenye vivuli, yaani chini ya kidevu, ndani ya sikio na kati ya vidole, ongeza tone la buluu iliyokoza au zambarau katika kahawia hiyo hiyo. Ukiongeza nyeusi, uso unaonekana umepakwa masizi. Kwa sehemu zinazopigwa na jua changanya matone matatu ya kahawia ya msingi na tone moja la kahawia ya ngozi ya viatu, kisha uguse paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu na vifundo vya vidole. Rudia kwa matone mawili kwa moja, mahali padogo zaidi. Viganja viwe vya kahawia hafifu kidogo kuliko mikono, na macho yawe rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

Rangi nyeupe isiguse ngozi hata kidogo. Nyeupe ndani ya kahawia huzaa kijivu, na askari anatoka amepauka kama mtu aliyeoga asipake mafuta.

Kupauka huko kunaweza pia kuletwa na vanishi, na hapa ndipo wengi huharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Vanishi isiyong'aa ina unga laini unaotawanya mwanga. Juu ya khaki hauonekani; juu ya ngozi nyeusi unaonekana kama vumbi. Puliza vanishi hiyo mwili mzima, iache ikauke usiku kucha, halafu kwa brashi ndogo upake vanishi ya mng'ao wa wastani usoni, mikononi na miguuni tu. Ngozi inarudi hai papo hapo. Kuhusu rangi ya msingi ya kopo, yaani koti la kwanza linalopulizwa kabla ya brashi, Nairobi ina adui wake: ukungu wa asubuhi za Julai na unyevu wa Aprili. Ukipuliza wakati huo koti hutoka na utando mweupe. Ngoja mchana mkavu, puliza umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mipigo mifupi. Ukienda mbali zaidi rangi hukauka hewani na kutua kama mchanga.

Miguu nayo itazamwe kabla ya kushika brashi. Askari wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza) walitembea peku au kwa makubazi. Wale wa Wajerumani walivaa viatu vya ngozi na vitambaa vilivyozungushwa muundini. Kuwapaka wote mabuti ya kahawia ni kufuta tofauti inayoonekana hata mbali. Tena, 1914 kampuni nyingi za Wajerumani zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871 iliyotumia baruti ya moshi, kwa hiyo kipande kidogo cha pamba mdomoni mwa bunduki ni sahihi kwa Longido. Baadaye walipata za kisasa, zikiwemo walizoteka Tanga.

Sasa mpagazi. Kampuni moja ya Wajerumani ilikuwa na askari wapatao 160 hadi 200, na wapagazi zaidi ya 200. Ikiwa kijisanamu kimoja kinasimama kwa watu 20, basi askari wanane hadi kumi wafuatwe na wapagazi wasiopungua kumi. Pakiti zinazouzwa hujaa wenye bunduki, kwa hiyo itabidi utengeneze mwenyewe: tafuta kijisanamu cha raia asiye na silaha, kata mkono mmoja begani, uinue juu na uugandishe kwa gundi kali.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 23. Sanduku la sentimita 45 kwa 30 kwa 25, kwa kipimo cha moja kwa 60, linakuwa milimita 7.5 kwa 5 kwa 4. Kitu kikubwa zaidi ya hicho hakuna shingo ingekibeba hadi Mahenge, kusini mwa Tanzania ya leo. Na sanduku lisikae moja kwa moja kichwani, maana kila aliyewahi kubeba ndoo anajua kuna kata, au ngata. Sokota epoksi ya putini (udongo laini unaokauka ukawa mgumu) iwe kamba ya unene wa milimita moja, izungushe iwe pete, ibonyeze kichwani ikiwa bado laini, kisha kalisha sanduku juu yake. Likikaa kabla pete haijashika, litazama upande mmoja. Subiri saa moja hivi.

Anayetaka mfano wa mwili uliozoea mzigo aende Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya shaba ya askari, ambapo mpagazi amesimama sambamba na wenye silaha. Ipige picha pande zote. Rangi haitakupa, lakini itakupa mabega.

Tunachokosa ni namna mizigo ilivyofungwa: mafundo, mikeka, kamba. Msomaji ambaye familia yake ina picha ya zamani ya wapagazi, tafadhali aieleze katika ukurasa huu.

Wapaka rangi wa vijisanamu,
Kariokor, Nairobi