Kumuuliza mchungaji swali sio kumkosea Mungu

Mhariri, nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako nitoe hili jambo, manake limenikaa rohoni tangu mwaka jana na naona wakristo wenzangu wengi hapa Mombasa wako nalo ila wanaogopa kulisema.

Mimi ni dereva wa tuktuk, naishi Kisauni. Nilikuwa na tuktuk yangu mwenyewe, nimeinunua kwa jasho na nyuma nimebandika stika ya EBENEZERI kwa mkono wangu, kona moja ikakunjika kidogo nikaiwacha hivyo hivyo. Sasa ile tuktuk ikaanza kusumbua, inatoa moshi wa samawati, inakula oili, kila wiki nalala gereji. Badala ya kukaa na fundi vizuri nikaenda kuombewa kwa mtumishi mmoja, na mtumishi akaniambia ameonyeshwa kuna roho ya mauti imekaa kwa hicho chombo, nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya shilingi 10,000 alafu nikiondoe mkononi mwangu haraka kabla ya mwezi kuisha. Nikapanda. Nikafunga siku tatu kavu. Nikauza kwa bei ya kutupa, na aliyenunua ni muumini wa pale pale, kanisa moja na mimi.

Baadaye nikakutana na fundi aliyeitengeneza, mzee wa Kiislamu mwenye kibanda chake Kongowea, akaniuliza, "Mwanangu, kwani ile gari uliuzia nini? Ilikuwa ni ringi tu za injini zimeisha." Ringi! Leo naendesha ya mtu, jioni nampelekea tajiri hesabu yake, na ile yangu tunapishana nayo karibu kila siku pale Kengeleni na ile stika bado iko, kona imekunjika vile vile.

Siandiki kumtukana mtu na sisemi wachungaji wote wako hivyo, yule aliyenibatiza mimi ni mtu wa Mungu kweli na mpaka kesho namheshimu. Ninachosema ni kwamba tumefundishwa vibaya jinsi ya kutafuta hekima. Yakobo sura ya kwanza aya ya 5 inasema mtu akipungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu "wala hakemei". Hayo maneno mawili nimeyasoma mara nyingi sana tangu nipoteze ile tuktuk. Hakemei. Yaani unamwendea na ujinga wako, na swali lako la kitoto, na hakufokei, na hakuna mahali imeandikwa utume pesa kwa simu kwanza ndio ujibiwe. Sasa kama Mungu mwenyewe hakemei anayeuliza, huyu mtumishi wake anakemea kwa ruhusa ya nani?

Manake tunakemewa. Kwenye fellowship yetu ya Jumatano kuna kijana anasukuma mkokoteni, aliuliza kwa adabu kabisa kwa nini unabii wa mwaka ule haukutimia, akajibiwa usiguse mpakwa mafuta wa Bwana, kijana wa watu akainamisha kichwa na hakurudi tena. Hiyo aya iko Zaburi ya 105, na ukiisoma kuanzia juu inazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakitangatanga wageni kwenye nchi za watu, Mungu anawaonya wafalme wasiwadhuru. Wafalme jamani! Haimzungumzii msukuma mkokoteni mwenye swali. Paulo alihubiri Beroya na wale watu wakarudi kuchunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo, na Matendo 17 inawasifu, inawaita waungwana. Kama Paulo alichunguzwa, ni nani hapa Pwani asichunguzwe?

Na sisi wa Pwani ndio hatuna kisingizio kabisa. Shakahola ni hapo tu Kilifi, mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi walikuwa watu waliompenda Mungu kwa moyo wote, walifunga mpaka kufa kwa sababu waliambiwa na mhubiri wao na hawakuwa na mahali pa kuuliza. Mimi kila nikifikiria wale watoto nashindwa kula.

Mtu atasema ukristo ndio uko hivyo, unaamini tu huulizi. Hapana. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga hapa hapa, na katikati ya msiba wote huo alikuwa anajifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Angetaka watu wamsikilize yeye tu, angejisumbulia nini na kazi hiyo?

Alafu Sulemani, huyu tunamtaja sana tukiomba hekima. Wale wanawake wawili walipomletea mtoto, kabla hajaitisha upanga alirudia kwanza maneno ya kila mmoja, huyu asema hivi na huyu asema vile. Alisikiliza. Mimi sasa naamini yule mzee wa ringi Mungu angeweza kunipa jibu kupitia kwake tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nimeambiwa sauti ya Mungu inatoka kwa maikrofoni moja tu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wachungaji wa hapa mjini ni dogo, baada ya mahubiri mtupe hata dakika kumi za maswali, watu wakiwa na Biblia mkononi. Yakobo huyo huyo sura ya 3 anasema hekima itokayo juu iko "tayari kusikiliza maneno ya watu". Sisi watu saba tumeshaanza, tunakutana kwangu Jumatano baada ya kazi, na yule kijana wa mkokoteni nilimfuata mwenyewe mpaka sokoni kumuita. Wiki iliyopita alikuja, akakaa karibu na mlango, na swali lake bado analo.

Dereva wa tuktuk,
Kisauni, Mombasa