Mabadiliko ya siku ya kusafisha nta

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kazi yetu ya kusafisha nta imesogezwa hadi Jumamosi, saa 3:00 asubuhi, nyumbani kwangu Chamwino, kwa kuwa masega ya wenzetu wa Kondoa yatafika Ijumaa usiku.

Kila mmoja aje na:
1. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali na kuoshwa kwa maji baridi. Yale meusi, yaliyolelea majana (mabuu ya nyuki), yafungwe peke yake, maana hutoa nta kidogo na huichafua ile ya manjano.
2. Kitambaa safi cha pamba cha kuchujia.
3. Sufuria ya alumini, mwenye nayo, kwani chombo cha chuma chenye kutu huiharibu nta rangi.

Mchango wa mkaa ni shilingi 3,000, apewe mweka hazina.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi na ikizidi joto hushika moto, kwa hiyo tutaiyeyusha ndani ya maji juu ya moto mdogo, bila kuiacha peke yake hata kidogo. Nawasihi sana, watoto wadogo wabaki nyumbani.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, mkitaja idadi ya ndoo za masega mtakazoleta. Asanteni sana.