Nafuu ya stima usiku isiishie viwandani

Mhariri,

Mimi huoka keki na mikate midogo nyumbani, Kayole, kwa jiko la stima. Naanza saa saba usiku ili kufikia alfajiri trei ziwe zimepoa, nizipeleke kwa wateja wangu mjini.

Tangu Desemba 2017, viwanda na biashara kubwa hulipa nusu bei kwa stima ya usiku inayozidi kiwango chao cha kawaida. Sababu yake naikubali. Usiku wa manane mahitaji hushuka, na kule Olkaria, stima inakozalishwa kwa mvuke wa ardhini, mvuke wa visima huachiliwa hewani kwa kukosa kazi. Mwaka 2023 magari na pikipiki za umeme nazo zikatengewa bei yao: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa za usiku. Mimi natumia stima iyo hiyo, saa zizo hizo, ila kwa kuwa mita yangu ni ya nyumbani, uniti ya saa nane usiku nainunua kwa bei ya saa mbili jioni.

Kukipambazuka, sasa saa yangu inakumbukwa. Nauli ya matatu kwenda mjini, ambayo saa nne asubuhi huwa Sh50 inafika Sh100, na mvua ikinyesha makanga anatangaza Sh150 mlangoni, abiria wamekwisha kulowa. Wenye matatu wana hoja yao: gari hurudi tupu, na foleni ya Jogoo Road hula mafuta. Lakini tunaobanana humo ni vibarua wa Industrial Area, wafagiaji wa ofisi, walinzi wanaokwenda kupokea zamu. Saa ya kuingia kazini hupangwa na mwajiri, na nyongeza ya nauli haimo katika mshahara.

Naiomba EPRA, mamlaka inayopanga bei za stima, iwafungulie wateja wa nyumbani wanaotaka bei hiyo ya usiku, wawekewe mita inayosoma saa, hata kama gharama yake tutailipa kidogo kidogo kwenye tokeni. Ila nafuu hiyo isifidiwe kwa kupandisha bei ya jioni. Kati ya saa moja na saa nne ndipo watoto wanadurusu na sare za shule zinapigwa pasi. Nani ataahirisha hayo hadi usiku wa manane? Nazo sako za matatu zibandike stejini nauli ya juu kabisa zinayoweza kutoza, na mvua isiwe kibali cha kuipita.

Mwokaji,
Kayole, Nairobi